Mimi si mtu wa mawazo, mbona presha inapanda?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 43, fundi cherehani. Nilikwenda kung'oa jino, wakanipima presha kwanza: 158/98. Jino halikung'olewa siku hiyo. Nimepimwa tena mara tatu kwa siku tofauti, na namba ya juu haijashuka chini ya 150. Daktari alisema huenda neva zangu za simpathetiki zinafanya kazi kupita kiasi, akaniandikia vidonge, kisha akamgeukia mke wangu kumuuliza kama nakoroma. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa kila ninayemweleza ananiambia nipunguze mawazo. Mawazo gani? Sina deni, sina ugomvi na mtu, na nikilala hata ngoma ipigwe siamki. Kama tatizo ni neva tu, si nijipumzishe niachane na vidonge? – Fundi

JIBU: Marahaba, Fundi. Nakuamini, huna mawazo. Wanaokushauri wamechanganya vitu viwili: hofu ambayo mtu anaihisi, na neva zinazobana mishipa yake bila kumwarifu. Hizi za pili ndizo simpathetiki. (Jina lina asili ya Kigiriki, maana yake kuhisi pamoja. Naona lilipewa vibaya, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake hatuihisi kabisa.)

Jaribu hivi: inuka kitini. Nusu lita ya damu au zaidi imeteremka tumboni na miguuni, lakini hukuzimia. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, na kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna ncha za neva zinazopima jinsi kuta za mishipa zinavyotanuka. Zimeona mtanuko umepungua, zikapeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo likaziamuru neva za simpathetiki zimwage noradrenalini, kemikali inayobana mishipa ya damu. Moyo ukaongeza mwendo, mishipa midogo ikajibana, ukabaki umesimama. Hakuna aliyekuomba ruhusa.

Unaijua ile skrubu ya kukaza uzi kwenye cherehani. Ukiizungusha kidogo tu, mshono mzima unakunjamana. Mishipa midogo ya damu nayo ni hivyo hivyo: ikipungua upana kwa sehemu moja ya kumi, ukinzani dhidi ya damu unaongezeka kwa kama nusu, ikipungua kwa nusu, unakuwa mara 16. Kwa watu wengi wenye presha, skrubu hiyo imekazwa kupita inavyotakiwa na kuachwa hapo. Miaka ya 1960 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walibuni njia ya kuchoma sindano nyembamba sana kwenye neva na kusikiliza milio yake. Wagonjwa wengi wa presha, hata wakiwa wamejilaza na kutulia kama wewe, milio yao ni mingi kuliko ya wenzao wenye presha ya kawaida.

Utauliza kwa nini zile ncha za shingoni hazizuii. Huzuia, ila kwa muda mfupi. Presha ikikaa juu siku nyingi zinazoea, zinaanza kuilinda hiyo ya juu kana kwamba ndiyo sahihi. Figo nazo hazikai pembeni: neva hizi zikizichochea, zinatoa renini, kemikali inayochangia kupandisha presha, na kushikilia chumvi ambayo ingetoka na mkojo, na chumvi ikibaki, maji yanabaki.

Turudi kwa mke wako aliyeshika ukuta. Swali lile la kukoroma hata mimi ningeliuliza. Mtu akikoroma, akanyamaza sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka akihema, njia yake ya hewa huwa ilikuwa imeziba. Oksijeni inashuka, neva zinachachamaa, presha inaruka. Mambo hayo yakijirudia usiku kucha, kila usiku, neva zinabaki juu hata mchana. Huamki kwa ngoma, sawa, lakini huenda usiku ndipo neva zako zinapofanya kazi zaidi kuliko saa yoyote. Basi muulize mkeo habari za vile vinyamazo. Kelele si hoja. Akisema vipo, mwombe daktari mpango wa kukupima usingizi. Na chukua ile futi yako uizungushe shingoni mwako mwenyewe kwa mara moja. Kama kola unayohitaji imeongezeka, mtajie daktari na hilo, maana uzito huchangia kuziba njia ya hewa, na huzichochea neva hizi hata kwa asiyekoroma.

Kuhusu vidonge: kutembea kwa haraka siku nyingi za wiki, kupungua uzito, hata kupumua polepole, hulegeza skrubu kidogo. Kwa mtu wa 158 sitegemei kidogo hicho kitoshe peke yake. Hukunitajia jina la dawa. Ikiwa ni propranolol, atenolol au klonidini, usithubutu kuiacha ghafla. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyeishiwa klonidini akakaa siku mbili bila. Alifika anatetemeka, moyo unamwenda mbio, presha juu kuliko siku aliyoanza dawa.

Wala usitamani neva hizo zingekatwa tu. Miaka ya 1940, kabla ya vidonge vya maana, madaktari wa upasuaji walizikata kandokando ya uti wa mgongo. Presha za baadhi zilishuka, ila wengi walikuwa wakisimama wanaona kizunguzungu au wanazimia. Siku hizi kuna mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa figo ili kuunguza neva za hapo tu. Jaribio kubwa la 2014 halikuonyesha faida, mbinu ikaboreshwa, na Marekani ikaidhinisha vifaa viwili 2023. Presha hushuka kwa kiasi cha wastani. Wewe bado hujamaliza chupa ya kwanza ya vidonge, kwa hiyo tuliache.

SWALI: Natumia dawa ya presha na imetulia, ila kila nikiugua mafua inapanda. Mafua yanapandisha presha? – Mama wa Wawili

JIBU: Nyuma ya paketi ya dawa yako ya mafua tafuta neno pseudoefedrini au fenilefrini. Pua huzibuka kwa sababu dawa hizo zinabana mishipa ya puani kwa kuiga kazi ya noradrenalini, na zikimezwa haziishii puani. Mwulize mfamasia akupe isiyo nazo, au usafishe pua kwa maji ya chumvi. Kisha pima ukiwa umeketi dakika 5, mgongo umeegemea, bila kuongea na mtu, wala na simu.