Bendera na muhuri wa mji mdogo: majibu kwa wasomaji

Wiki hii wasomaji wameuliza kuhusu Pocatello, mji wa watu wapatao 56,000 katika jimbo la Idaho, Marekani, na kuhusu alama za miji midogo ya huko kwa jumla.

Ni kweli bendera ya Pocatello iliwahi kuitwa mbaya kuliko zote? (Msomaji, Morogoro)

Kweli kabisa. Mwaka 2004 chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini, NAVA, kiliendesha kura ya maoni kuhusu bendera za miji 150 ya Marekani. Pocatello ilishika mkia kwa alama 1.48 kati ya 10. Ilikuwa kitambaa cheupe chenye maandishi ya kujivunia mji, vichoro vya milima, na chini yake, kwa herufi ndogo, tangazo la hakimiliki! Ila tuwatendee haki wenyeji: bendera hiyo haikuwahi kupitishwa rasmi. Ilikuwa nembo ya kuutangaza mji tu, ikahamishiwa kwenye kitambaa.

Kwa nini wasiweke tu muhuri wa mji katikati ya bendera? (Mama Neema, Kisumu)

Miji mingi ya Marekani imefanya hivyo hivyo, mama, na mimi naona ni kosa. Muhuri umeundwa kwa ajili ya karatasi: sheria ndogo, mikataba, vyeti. Unaishika karatasi mkononi, unasoma maandishi yanayouzunguka, jina la mji, jimbo, mwaka wa kuanzishwa, na chapa yake inathibitisha kwamba hati imetoka ofisini kweli. Sasa upandishe muhuri huo juu ya mlingoti siku ya upepo. Aliye barabarani ataona duara tu. Tena bendera ina pande mbili: ikichapwa kwenye kitambaa kimoja, upande wa nyuma herufi zinageuka, ukishona vitambaa viwili, inakuwa nzito, haipepei vizuri, na bei inapanda.

Kubwa zaidi ni suala la nani mwenyewe. Muhuri ni wa ofisi. Bendera ni ya watu, na mwananchi awe huru kuitundika dukani kwake au kuichora ukutani bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Nani anaamua, meya au serikali kuu? (Msomaji, Twin Falls, Idaho)

Baraza la mji, kwa kura. Kibali cha Washington hakihitajiki. Mwaka 2015 mtangazaji Roman Mars aliitaja bendera ya Pocatello katika hotuba yake kwenye TED, jukwaa la mihadhara linalofuatwa mtandaoni, watu wakacheka dunia nzima. Mji ukaunda kamati, ukapokea michoro zaidi ya 700, na Julai 2017 baraza likapitisha bendera mpya: milima mitatu myekundu, mstari wa bluu wa Mto Portneuf, na alama ya dira, inayoufaa sana mji uliokua kwenye makutano ya reli.

Na muhuri ukiwa na picha inayoudhi? (Msomaji, Bujumbura)

Hubadilishwa, lakini kwa mvutano. Muhuri wa Whitesboro, kijiji kilichoko jimbo la New York, ulimwonyesha mwanzilishi wake, Hugh White, akishindana mieleka na Mwoneida, mwenyeji asilia wa eneo hilo. Wakazi walisema ni mieleka ya kirafiki. Aliyetazama bila kuijua hadithi aliona mzungu akimkaba mtu. Januari 2016 walipiga kura, 157 kati ya 212 wakataka ubaki. Lawama zikazidi, viongozi wakalegeza msimamo, na mwaka 2017 ukatoka mchoro mpya: mieleka ipo, mikono imeondoka shingoni. Nadhani walichelewa. Chapa inayokaa kwenye kila hati ya mji inapaswa kumheshimu kila anayechorwa ndani yake.

Naweza kuchapa fulana zenye alama za mji ninaoishi huko? (Msomaji, Ohio)

Za bendera, mara nyingi ndiyo. Za muhuri, subiri kwanza: miji mingi inakataza kuutumia bila kibali. Nenda kwa karani wa mji. Kwa kawaida yeye ndiye mtunza muhuri.