Nyimbo za utotoni za kusini: kwa nini maneno peke yake hayatoshi

Ndugu mleta mada, umeuliza ni nyimbo zipi za kuchekesha za utotoni tunazozikumbuka sisi tuliokulia mikoa ya kusini mwa Tanzania, na kwa nini mtu akijaribu kuziandika huishia kwenye mistari miwili tu. Nimekulia Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, na nyimbo hizi nazipenda mno, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaishi.

Ninavyoona mimi, nyimbo hizo hatukuzihifadhi kama shairi la darasani. Zilikaa miguuni, kwenye makofi na katika kundi zima la watoto, kiasi kwamba kila mmoja alibeba kipande chake bila kujua. Chukua Ukuti, ambao karibu kila mtoto wa Tanzania ameuimba: mnashikana mikono, mnazunguka, mnaimba habari za ukuti wa mnazi unaopigwa na upepo, kisha mnatetemeka mwili mzima. Wenzetu wa Mikindani na Lindi walikuwa na minazi mbele ya macho yao, ilhali sisi wa huku juu tuliuimba chini ya mikorosho, na utamu haukupungua hata kidogo.

Wimbo ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa mtaani kwetu, na ulikuwa na msimu wake. Korosho zilipoanza kuanguka, watoto tulitumwa kuokota. Korosho yenyewe hunyofolewa na kutiwa kikapuni, na bibo, yaani tunda lake lenye maji, linabaki kuwa haki ya mwokotaji. Tukishiba mabibo, mashati yakiwa yamejaa madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, tulisimama duara. Kiongozi aliita, “Bibo limedondoka!” Nasi tukaitikia, “Limedondokea wapi?” Hapo alitaja jina la mtoto na sehemu ya mwili, na aliyetajwa alipaswa kuishika sehemu hiyo na kumtaja mwenzake kabla ya kofi la tatu. Mwanzoni yalikuwa mambo mepesi, goti au sikio, lakini kadiri mwendo ulivyoongezeka kiongozi alichagua mahali pagumu, na akisema “katikati ya mgongo”, basi mtoto wa watu alijizungusha akipapasa nyuma huku sisi wengine tumeshindwa kuimba kwa vicheko. Aliyechelewa alitoka duarani na kwenda kumalizia kuokota chini ya mti uliobaki. Sasa yaandike maneno hayo kwenye karatasi uone: hayana cha kumchekesha mtu yeyote.

Mimi na dada yangu tulijaribu kuukumbuka wimbo huo wote tukiwa tumekaa sebuleni, ukagoma. Baadaye tulikuwa barazani na binamu zetu tukibangua korosho, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze, kila mtu akigonga kwa mwendo wake. Mapigo yalipoanza kulingana, kipande kilichokuwa kimepotea kilitoka chenyewe, tena kinywani mwa binamu ambaye siku zote hujiita mtu asiyejua kuimba. Dada aliacha kubangua akaangua kilio cha furaha, na sioni haya kusema kwamba nami nililia.

Shuleni kulikuwa na mchakamchaka, zile mbio za pamoja za asubuhi, na hapo ndipo nilipopata uhakika zaidi kwamba furaha ya wimbo haitokani na maneno. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilianza mwaka 1978 na Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi yetu Aprili 1979; hata hivyo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya hapo, katika pembe ya nchi iliyo mbali kabisa na Kagera, waliendelea kukimbia alfajiri wakiimba kwamba Idi Amin akifa watamtupa Kagera awe chakula cha mamba. Maneno hayo ni makali mno. Kwetu yalikuwa furaha tupu, kwa sababu ya vumbi, baridi ya asubuhi na miguu mia kadhaa inayokita ardhi kwa pamoja. Redio nayo ilitupa zake kupitia kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ila hizo zilisikilizwa zaidi kuliko kuchezwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kuzikusanya, usimwombe mama mkubwa akutajie maneno. Mpelekee watoto, mwombe awafundishe mchezo, kisha washa simu urekodi duara lote, makofi na makosa yakiwemo. Naomba pia tutenganishe nyimbo za michezo na zile za jando na unyago, kwani hizo zina wenyewe na si halali kuzimwaga mtandaoni, hata kama zinachekesha.

Mwisho nina ombi kwa wanaotoka Masasi, Tandahimba na Nachingwea. Katika wimbo wetu wa bibo kulikuwa na sehemu ya kumrudisha duarani mtoto aliyetoka, na ilikuwa na makofi ya kupishana, mawili kwa moja. Makofi tunayo, maneno hatujayapata. Aliyewahi kuucheza huko kwao anisaidie, hata kama kwenu lilidondoka embe badala ya bibo.