Re: Blakiberi zangu zimejaa majani tu, hazizai
Mkuu pole, umesema upo Tabora mjini, umepanda blakiberi (ule mmea wa miba wenye vitunda vyeusi) nyuma ya nyumba, mvua zikiisha unafyeka zote mpaka chini zichipue upya na mwaka wa pili huu hujaona hata ua. Hapo kwenye kufyeka ndo penye shida, maana kwa aina nyingi fimbo (yaani shina refu linalotoka chini) iliyochipua mwaka huu inatoa majani tu, inakuja kuzaa mwakani halafu inakufa yenyewe, sasa wewe kila mwaka unakata zile zile ambazo zingekuzalia. Ziangalie vizuri, fimbo changa ni ya kijani na laini, ya mwaka jana gome lishakuwa la kahawia na gumu, hiyo ya kahawia ndo mali yako, usiiguse mpaka uvune. Zile changa zikifika kama mita moja kata ncha tu zitoe matawi ya pembeni, zifunge kwenye waya (vaa glovu, miba yake haina utani).

Ila kuna lingine, aina nyingi zinataka baridi ya chini ya nyuzi 7 kwa masaa mengi na sisi hapa hata Julai hatufiki huko, zinaweza kususa tu. Ukibahatika tafuta Prime-Ark, zile za Chuo Kikuu cha Arkansas kule Marekani, zinazaa kwenye fimbo ya mwaka huo huo kwahiyo hata ukifyeka hazina neno.

Urea achana nayo kwa sasa, itakuongezea majani. Halafu hiyo miche uliitoa wapi?