Nisaini rehani ya nyumba wakati mambo ya benki siyajui?

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 41, nauza mchele sokoni hapa Morogoro, na nina watoto wawili. Mume wangu anaomba mkopo wa shilingi milioni 12 ili kuongeza mtaji wa duka lake la vipuri, na wakopeshaji wanataka nisaini idhini ya kuweka nyumba yetu rehani. Nilipouliza masharti alinijibu, "Wewe saini tu, mambo ya benki huyawezi." Si mtu mbaya na sitaki ugomvi, lakini usingizi hauji. Kwa kweli siyawezi. Hata kwenye kikoba, ambako ni mhazini, kazi yangu ni kuhesabu tu. Nifanyeje? — Mama Wawili*

Marahaba, mdogo wangu. Maneno yako ya mwisho yamenisikitisha kuliko yale ya mumeo. Mhazini anayepokea hisa za wanachama, anayejua nani amechelewesha marejesho na anadaiwa faini kiasi gani, na ambaye siku ya kuvunja kikoba humgawia kila mtu faida kulingana na hisa zake mpaka hesabu ikalingana na fedha zilizomo sandukuni, huyo anazijua riba na dhamana kwa vitendo, hata kama hajawahi kuketi mbele ya meza ya afisa mikopo.

Hauko peke yako katika kujishusha hivyo. Mchumi Annamaria Lusardi na watafiti wenzake huwauliza watu wa nchi mbalimbali maswali matatu mafupi kuhusu riba, mfumuko wa bei na hatari ya kuweka mtaji wote mahali pamoja, na mara nyingi wanawake hupata alama za chini kuliko wanaume, wengi wao wakichagua jibu la "sijui". Katika utafiti wao wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2021, watu walewale waliulizwa tena maswali hayo jibu la "sijui" likiwa limeondolewa, na mara nyingi wanawake waliodai hawajui wakachagua jibu sahihi. Watafiti walikadiria kwamba takriban theluthi moja ya pengo hilo kati ya wanawake na wanaume ilitokana na kutojiamini. Sehemu iliyobaki ni ujuzi unaokosekana kweli, na huo hupatikana kwa kuuliza.

Sasa tuje kwenye karatasi uliyoletewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mkopeshaji ahakikishe kwamba ridhaa hiyo ipo. Kwa hiyo mumeo hakuombi umsindikize tu. Bila saini yako rehani hiyo haina nguvu, na mwenye haki ya kutoa ridhaa ana haki ya kujua anaridhia nini.

Mwombe mumeo mwende pamoja kwa afisa mikopo, na swali lako la kwanza liwe hili: riba inatozwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalopungua? Tuseme ni asilimia 3 kwa mwezi, kwa miezi 12. Ikitozwa kwenye mkopo wote, mtalipa 360,000 kila mwezi hadi mwisho, jumla 4,320,000, ingawa deni lenyewe linazidi kupungua. Ikitozwa kwenye salio, huku mkirejesha milioni moja ya deni kila mwezi, riba yote itakuwa 2,340,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni 1,980,000, na wewe muuza mchele unajua fedha hiyo inanunua magunia mangapi. Uliza pia ada zinazokatwa kabla ya fedha kutolewa, adhabu ya kuchelewesha rejesho, na kama kuna bima inayolipa deni endapo mkopaji atafariki. Hilo la bima usione haya kulitaja mbele ya mumeo, kwa maana bila bima hiyo deni linaweza kukukuta ukiwa mjane, nyumba ikiwa bado rehani.

Kuhusu ugomvi unaouogopa, zungumza naye jioni mkiwa wawili, bila wakwe wala watoto, umwambie kwamba duka likiyumba mtakaohama ni nyote, kwa hiyo unataka kuusoma mkataba kama unavyosoma daftari la kikoba kabla ya kumkopesha mwanachama. Mwanamume mwenye nia njema, kama unavyomweleza, anaweza kununa siku mbili, kisha akauleta. Mkishamaliza mkopo, zungumzeni kuhusu kuandikisha hati kwa majina yenu wote wawili. Wakati huohuo fungua akaunti yako ya akiba kwa faida ya mchele, hata kama ni kidogo kila wiki, na mumeo aijue.

Akikataa kabisa kukuonyesha mkataba, usisaini. Iwapo atatumia vitisho, au ukasikia kwamba saini yako imewekwa na mtu mwingine, wapelekee wakopeshaji barua ya pingamizi mara moja na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha umwone msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Huduma yake ni ya bure.