Wasomaji Wauliza: Yale "Najua" ya Bill Withers

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu ana santuri ya Bill Withers iitwayo Just As I Am, na kila Jumapili lazima tuisikilize. Kwenye wimbo wa Ain't No Sunshine kuna mahali mwimbaji anang'ang'ania neno moja, "I know", yaani "najua, najua, najua", mpaka nikihesabu napotea. Mume wangu anasema huo ndio ufundi. Mimi nasema maneno yalimwishia. Tuamulie. Halafu yule bwana wa kwenye jalada aliyeshika kiboksi cha chakula, ni Withers mwenyewe au walimtafuta mtu wa kupiga naye picha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Jana usiku nilimwaga njiti za kiberiti mezani, nikaweka santuri, na kwa kila "najua" nikasogeza njiti moja. Nilirudia mara tatu, maana anavyoziunganisha bila kuvuta pumzi vidole vyangu vilikuwa vinaachwa nyuma. Ni 26.

Na nyote wawili mmepata. Maneno kweli hayakuwepo. Withers alikuwa amepanga kuandika mengine ya kujaza pale, na lile "najua" lilikuwa la kushikilia nafasi tu. Mtayarishaji wake, Booker T. Jones, akamwambia aache vilevile. Waliokuwa studio walikuwa wazoefu na yeye mgeni, basi akawasikiliza. Hapo ndipo ufundi anaousema mume wako ulipo: kuna mtu alisikia kitu ambacho hakijamalizika, akatambua kwamba kimeshatimia. Sikilizeni tena Jumapili. Zikifika zile "najua", vyombo vinampisha, anabaki yeye na ngoma. Mtu aliyeachwa nyumbani peke yake angesema nini zaidi ya hapo? Wimbo mzima ni dakika mbili na ushei, na unaanza na sauti yake moja kwa moja, bila gitaa kumtangulia.

Wa kwenye jalada ni yeye mwenyewe, na hakuwa anaigiza. Withers alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Alikuwa na kigugumizi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13, na bibi mzaa mama akawa nguzo yake; ndiye huyo wa Grandma's Hands, wimbo ambao mimi hadi leo siwezi kuusikiliza nikiwa na wageni. Alitumikia jeshi la majini miaka tisa, kisha mwaka 1967 akahamia Los Angeles akafanya kazi viwandani. Wakati wa albamu hii alikuwa anatengeneza vyoo vya ndege. Picha ilipigwa hapohapo kazini, muda wa mapumziko ya mchana, na kile kiboksi ni cha chakula chake. Hata albamu ilipokaribia kutoka hakuacha kazi, kwa kuwa hakuuamini muziki kumlisha. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wengi kwenye biashara hiyo walikuwa wanamwona amechelewa.

Kanda zake za majaribio alizirekodi kwa pesa yake ya mshahara. Clarence Avant, mwenye kampuni ndogo ya muziki ya Sussex, ndiye aliyemchukua na kumkabidhi kwa Booker T. Huyu akawaita wenzake wa kundi lake, Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson kwenye ngoma, na gitaa likashikwa na Stephen Stills. Withers akaingia na daftari lake la nyimbo, akawatazama watu wale, kisha akamvuta Booker pembeni na kumuuliza: nani atakayeziimba? Akajibiwa: wewe, Bill.

Kazi ilipangwa kwenda kwa awamu chache tu za kurekodi, lakini pesa ya kampuni ikakata njiani, wakasimama miezi kadhaa kabla ya kuendelea. Mei 1971 ikatoka, nyimbo 12, kumi kati yake alizitunga mwenyewe. Na hapa kuna jambo litakalomfurahisha mume wako: Ain't No Sunshine ilitolewa ikiwa upande wa pili wa santuri ndogo. Uliotegemewa ni wimbo wa upande wa kwanza, Harlem. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza, na mwaka uliofuata wimbo huo ukampatia tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B.

Lakini binti yangu, kama shida yako ni kujua albamu hii ilitengenezwaje, usiishie kwenye wimbo mmoja. Sogeza sindano mpaka Do It Good. Katikati Withers anaacha kuimba, anaongea tu. Anasimulia kwamba alipoingia studio mara ya kwanza hakujua anachofanya, Booker akamwendea na kumwambia afanye lile analolifanya siku zote, ila alifanye vizuri. Ongezeni sauti hapo. Ni mtu yuleyule wa kiboksi cha chakula, anaongea taratibu, na kigugumizi hakisikiki kabisa.