Jibu: <strong> na <b>, na kwa nini <code> inatoka ndogo
Mkuu, umeuliza ya nini kuhangaika na tagi ya <strong> kwenye HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti) wakati <b> nayo inakoleza maandishi vilevile, na kwa nini <code>, tagi ya kuonyesha msimbo, inatoa herufi ndogo. Kwa macho hakuna tofauti: kivinjari huzipa zote font-weight: bolder, agizo la CSS (lugha ya mitindo ya ukurasa) la kukoleza herufi. Tofauti ni maana. <Strong> inasema maneno haya ni muhimu, <b> inayatenga tu. Ndivyo ilivyo kwa <em> na <i>, zote hulaza herufi.

Hiyo <code> yako kutoka ndogo si kosa lako. Vivinjari vingi vikikuta font-family: monospace (fonti ya herufi zenye upana sawa) peke yake huanzia pikseli 13 badala ya 16. Kwenye CSS andika font-family: monospace, monospace (ndiyo, mara mbili, kichekesho lakini inafanya kazi), ukubwa utarudi. Na <strong> ikigoma kukoleza kabisa, kagua CSS: mara nyingi ni riseti uliyonakili (CSS ya kuondoa mitindo ya kivinjari), imefuta mitindo yote.