Re: Eti sembe imepanda 200 kwa kilo sababu ya dizeli?

Mkuu, una haki ya kushtuka ukisikia mtaalamu akisema sembe imepanda shilingi 200 kwa kilo sababu ya dizeli. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka soko la mahindi la Kibaigwa mpaka Dodoma mjini ni kama kilomita 90, kwenda na kurudi 180. Fuso ikila lita moja kwa kilomita nne, hiyo ni lita 45. Tuseme dizeli imepanda 300 kwa lita: nyongeza 13,500. Gawa kwa gunia 100 za kilo mia, inakuja 135 kwa gunia. Kwa kilo haifiki hata shilingi mbili! Bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, chukua tofauti halisi huko.

Ila usimwite huyo mtaalamu mwongo moja kwa moja. Angalia mahindi yenyewe. Kilo 100 zikikobolewa unabaki na sembe kama 70, kwa hiyo mahindi yakipanda 100 kwa kilo, sembe inapanda 140 hivi (pumba inarudisha kidogo). Januari mpaka Machi, kabla ya mavuno, hapo ndipo bei inapopaa. Uliza bei ya gunia Kibaigwa, si bei ya dizeli. Na upime kilo, achana na kopo. Makopo mengine yamebonyezwa kitako.